Mlango wa Alasiri ya Wanawake

Siku yangu ya kwanza kazini, wanawake waligoma. Nilikuwa msichana niliyetoka tu kumaliza shule, nimepewa tochi na sare ya kijani iliyonizidi mabega, na kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha watu viti katika jumba la sinema lililokuwa mjini, mwendo mfupi kutoka mtaa wetu wa Kibokoni, Mji wa Kale. Ilikuwa alasiri ya wanawake. Nyinyi vijana hamkuiona, kwa hivyo nieleze. Mara moja kwa wiki jumba zima lilikuwa letu. Mwenye kukata tiketi alikuwa mwanamke, mwenye kuuza njugu mwanamke, na mlangoni mwanamke. Watu walikuja na watoto wa kunyonya na sambusa kwenye vikapu, wakavua mabuibui, wakakaa na nywele zao na dhahabu zao na makelele yao. Aliyetaka kumtukana mume mbaya wa kwenye picha alimtukana kwa sauti, na safu ya nyuma ikamuongezea maneno.

Juu, nyuma ya ukumbi, kulikuwa na chumba cha mashine, na ukutani mwake matundu mawili. Moja lilipitisha mwanga kwenda kwenye pazia, na jingine, dogo zaidi, lilikuwa la fundi kutazamia kama picha imekaa sawa. Fundi Mkuu alikuwa mzee, wanawake walimzoea, naye alikuwa na desturi ya kutazama pazia tu na kurudi kwenye mashine yake. Siku hiyo alikuwa mgonjwa na kijana mmoja alishika nafasi yake. Bibi mmoja aligeuka kumtafuta mjukuu, akaona jicho kwenye tundu, na lile jicho halikuwa likitazama pazia.

"Kuna mwanamume kule juu yuwatutazama na mato yake yote," alisema.

Walisimama safu baada ya safu, wakavaa mabuibui yao, wakatoka. Picha iliendelea kuonyeshwa kwa viti vitupu, na mimi nimesimama katikati na tochi yangu, sijui nimwonyeshe nani kiti.

Bwana Meneja alikuwa mtu wa maneno machache, aliyefunga tai hata kwenye joto la Machi. Aliniita ofisini.

"Waogopa umeme?"

"Siogopi."

"Basi utajifunza mashine. Alasiri hiyo itashikwa na mwanamke, kutoka juu mpaka mlangoni."

Nyumbani palikuwa na maneno, ila baba alipoambiwa kwamba chumba kile kina komeo kwa ndani, aliniruhusu. Fundi Mkuu aliporudi alinifundisha bila furaha. Mashine za wakati huo hazikuwa na balbu. Mwanga wake ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyosogezwa mpaka vikakaribiana, moto ukaruka katikati yake, mweupe wa kuumiza macho. Vijiti vile huliwa na moto, na fundi huvisogeza pole pole kwa gurudumu, la sivyo picha inageuka manjano. Filamu nayo ilikuja katika reli kadhaa, yaani magurudumu makubwa ya bati, na mashine zilikuwa mbili. Reli ikikaribia kwisha, kidoti kilitokea kwenye pembe ya juu ya picha. Hapo unawasha motori ya mashine ya pili, unangoja kidoti kingine, unahamisha. Ukikosea, watu wanakaa gizani na kupiga mbinja.

"Usinitazame mimi," Fundi Mkuu alikuwa akisema. "Tazama moto."

Nilitazama moto kwa miaka mingi. Nikaolewa, nikaachwa, na moto ule ukanilisha mimi na wanangu wawili. Wanawake walinijua. Kabla taa hazijazimwa mmoja wao alikuwa akigeuka na kuita, "Zuhura, ni wewe?" nami natoa mkono kwenye tundu, nikaupunga. Hapo ndipo mabuibui yalipovuliwa.

Kisha video ziliingia majumbani, na baada yake sahani za satelaiti juu ya mapaa. Jumba lilifungwa, likawa ghala la magodoro. Nilihamia kwenye ukumbi mdogo wa maigizo, nikawa mtunza ukumbi chini ya Katibu aliyependa funguo kuliko watu. Nilifagia jukwaa, nikawasha taa, nikafungua na kufunga. Sikulalamika, ingawa usiniulize kama nilifurahi.

Tamasha la filamu la mtaa lilianzia hapo ukumbini. Vijana wa mjini na wa ng'ambo ya kivuko walitengeneza filamu fupi fupi, za wauza mahamri, za wavulana wa timu ya mpira, za bibi arusi aliyekataa kutoka chumbani, na hawakuwa na pa kuzionyesha. Mwenyekiti wa kwanza wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole. Aliniuliza:

"Bi Zuhura, mbona mama zetu wa Mji wa Kale hawaji?"

"Waje wakae wapi? Baina ya wanaume?"

"Basi niambie watakapokaa."

Hivyo ndivyo alasiri ya wanawake ilivyorudi mjini, na naisema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine atakayeisema. Nilizunguka Kibokoni nyumba kwa nyumba. Nilikwenda kwenye arusi, nikakaa na wanawake sebuleni, nikawaambia maneno yale yale: mlangoni ni mimi, mashine ni mimi, na simu zinaachwa kwenye kikapu. Projekta za siku hizi ni kijisanduku, unabonyeza tu, hazinihitaji. Kazi niliyobaki nayo ilikuwa kile kikapu na ule mlango.

Wa kwanza kukubali alikuwa Maimuna, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mke wa mwalimu wa madrasa. Yeye alikuwa hatoki kwenda popote ila msibani na arusini. Alikuja, akakaa kiti cha pembeni, na filamu ya bibi arusi ilipofika penye ngoma, alisimama akajifunga leso kiunoni, akacheza. Mwaka uliofuata alileta mashemeji zake, na kucheza kukawa desturi yake kila mwaka. Tulifika hadi kuweka mikeka chini kwa kukosa viti.

Yule Mwenyekiti alipochoka, kamati ilimleta Mkurugenzi. Alikuwa binti wa hapa hapa, wa familia ya mtaa wa Kizingo, amesomea filamu ng'ambo, anasalimia vizuri na mkono anabusu. Ndiyo maana nikatulia naye. Ningekuwa na hadhari zaidi angekuwa mgeni.

Alasiri ya mwaka wake wa kwanza alikuja mlangoni na msichana aliyebeba kamera begani. Nikamwonyesha kikapu.

"Hiyo nayo inakaa hapa."

"Bi Zuhura, huyu ni msichana. Hakuna mwanamume anayeingia."

"Na hiyo picha itakwenda wapi?"

"Ni ya ofisi tu, kwa kumbukumbu yetu. Nakuahidi."

Nikasema hapana. Akaenda, akarudi na Katibu, na Katibu akaniambia kwamba ukumbi si wangu na Mkurugenzi ndiye mkubwa wa tamasha. Msichana aliingia na kamera yake. Wanawake walipoiona, waligeuka kunitazama mimi, na Mkurugenzi akasimama mbele akawaambia kwa Kiswahili kizuri kwamba picha haitoki nje. Walikaa. Alikuwa mtoto wa watu wanaojulikana.

Jioni ya kufunga tamasha, ukumbi ulijaa wageni wa heshima, wanaume kwa wanawake, na vijana wamesimama ukutani. Kabla ya zawadi, Mkurugenzi alionyesha filamu fupi ya shukrani. Nilikuwa nimesimama mlangoni, pangu pa siku zote. Nikamwona Maimuna kwenye pazia, mkubwa kuliko mlango wa msikiti, nywele zimemshuka mgongoni, leso kiunoni, anacheza na kucheka. Watu walipiga makofi. Mwanawe wa kwanza alikuwa ukutani pamoja na wenzake, na mmoja wa wenzake alipiga mluzi. Yule mwana wa Maimuna alipita mbele yangu kwenda nje, hakunitazama.

Nilikwenda kuizima. Nilifika kwenye mashine, na kijana mmoja wa mitambo akanizuia kwa adabu, akinishika mkono kama anayemsaidia mzee kupanda ngazi.

Asubuhi yake nilibisha kwa Maimuna. Alifungua mlango nusu.

"Maimuna, mimi nilikataa. Uliza yeyote."

"Siijui ofisi yenu, Zuhura," alisema. "Hata huyo binti simjui. Nilikuja kwa kuwa umeniita wewe."

"Waliniahidi."

"Na wewe ukaniahidi mimi."

Akafunga, taratibu. Yaliyompata ndani ya nyumba ile sikuambiwa, na ukuta baina yetu ni wa matumbawe, mnene, haupitishi sauti. Ninalojua ni kwamba mwanawe alihamia kwa ami yake, na sijamwona Maimuna akitoka hata kwenda arusini.

Sijioni na kosa, na nitasema hivyo mpaka niingizwe kaburini. Nilikataa kwa mdomo wangu. Hata hivyo waliokuja barazani kuniuliza hawakwenda kumuuliza Mkurugenzi. Walikuja kwangu. Nilipomfuata mimi, alilia kidogo, kisha akasema:

"Lakini Bi Zuhura, palikuwa na aibu gani pale? Ilikuwa ni furaha tupu. Watu wameipenda sana."

"Itoe huko ulikoiweka."

Aliitoa kwenye mtandao. Kufikia hapo ilikuwa imeshaingia kwenye simu za watu, na simu za watu hazina kikapu.

Mwaka uliofuata alasiri ya wanawake iliandikwa tena kwenye ratiba, na jina langu chini yake, bila kuniuliza. Nilikaa mlangoni. Walikuja wanafunzi wa chuo, wageni, wanawake wa maofisini, watu wazuri wasio na neno, simu zao mikononi. Hapakuwa na mtoto anayelia wala harufu ya sambusa. Kutoka Kibokoni hakuja hata mmoja. Mkurugenzi alipita akinishika bega.

"Umeona, Bi Zuhura? Ukumbi umejaa."

Nilimtazama nikaona kwamba anasema kweli yake. Hakuona kilichokosekana kwa kuwa hakupata kukijua. Nilimkabidhi Katibu funguo wiki ile. Wakanifanyia sherehe, wakanipa cheti chenye fremu na saa ya ukutani, na Mkurugenzi akahutubia juu ya mwanamke wa kwanza kushika mashine katika mji huu. Nilikula keki yao.

Sasa nimestaafu, na vijana hunijia kuniuliza habari za kaboni na reli, wakiniwekea simu mbele ya mdomo. Hayo nawaeleza, ni mepesi. Hawaniulizi nilikuwa nikilinda nini. Wanawake wa kwetu wanatazama picha siku hizi, tena nyingi, kila mmoja chumbani kwake, sauti chini, peke yake. Huwa nakaa nikifikiri juu ya wale waliokuwa wakimtukana mume mbaya kwa pamoja, na moyo wangu unauma, si uwongo.

Mwezi uliopita nilikwenda Biashara Street kununua leso ya kumpelekea binti yangu. Kuna duka huko ambalo wauzaji wake ni wanawake watupu, na mlangoni wametundika pazia, kwa hivyo wateja hufunua nyuso zao wakachagua rangi kwa raha. Maimuna alikuwa ndani, amekunja ninja yake ya kufunika uso juu ya kichwa, akilinganisha leso mbili kwenye mwanga, akimtania msichana wa duka. Amekonda, ila uso ni ule ule. Nilifurahi kumwona, nikamtolea salamu kabla sijavuka kizingiti vizuri.

Aliitikia salamu, akashusha ninja usoni.

Niligeuka kutazama ni mwanamume gani aliyeingia. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.