Mikono Ndani ya Pipa

Watoto wangu wanasema mzee ameanza kuona vitu, na wewe ukisema hivyo sitakulaumu. Ila sikuwa nimelala, sikuwa nimelewa, wala haikuwa usiku. Jua lilikuwa linawaka hapa Makongeni, Nairobi, wanafunzi wanarudi nyumbani kula chakula cha mchana, na kuna mtu mwingine aliyeisikia ile sauti kwa masikio yake mwenyewe.

Kazi yangu ni kutengeneza injini za boti. Najua unajiuliza, Makongeni kuna ziwa? Hakuna. Lakini nilifanya kazi hiyo ziwani miaka mingi kabla ya kuhamia huku, na watu wa kule hawajaniacha. Injini inafungwa kwa gunia, inapandishwa basi, naipokea kituo cha mabasi cha Muthurwa kwa mkokoteni. Boti yenyewe inabaki ziwani. Mimi naitumbukiza injini ndani ya pipa la maji, naiwasha, naisikiliza. Jirani yangu Musyoka, anayefua majiko ya mabati, huwa hakosi neno pipa likianza kutikisika.

"Mzee, leo mawimbi ni makubwa. Abiria wamevaa maboya?"

Basi akaja Mama Awuor. Dada yake anaishi mlango unaotazamana na wangu. Alikuwa na boti ya kuvusha watu na mizigo kwenda visiwani, boti ya injini mbili, na zote mbili alikuja nazo.

"Mzee, hii ya kulia inaninyonya," akasema. "Kila injini ina mtungi wake wa petroli, na yote tunaijaza sawa. Tukifika katikati ya ziwa, wa kushoto bado una mafuta, wa kulia umekauka. Ouko anataka tung'oe mbao za sakafu ya boti atazame chini. Nimemwambia angoje, injini kwanza."

Ouko ni mwanawe wa kiume wa pekee, na ndiye anayeiendesha boti. Alibaki kuilinda. Hajawahi kukanyaga Nairobi, na mimi sikuwa nimewahi kumwona.

Niliweka mapipa mawili, kila injini kwenye lake, na mtungi wa kila moja nikautia alama ya chaki. Nikaziwasha pamoja. Petroli ilishuka sawasawa. Nikabadilisha mitungi, wa huku nikaupeleka kule. Sawasawa tena. Plagi zilikuwa na rangi moja, kabureta zote safi, pangaboi za kusukumia maji hazikuwa zimepinda.

Sasa, fundi yeyote anajua maana ya hayo. Kama injini mbili zinakunywa sawa hapa na hazinywi sawa ziwani, basi mafuta yanapotelea njiani, kati ya mtungi na injini, ndani ya boti. Nilijua. Naandika hapa kwamba nilijua. Lakini mama wa watu amesafiri usiku kucha, dada yake ameshawaambia majirani kwamba mimi sishindwi, na ningemwambiaje arudi na injini zake vile vile zilivyokuja? Nikafungua kabureta ya kulia, nikatia kipande chenye kitundu chembamba zaidi cha kupitishia mafuta, ili angalau ionekane inakunywa kidogo.

"Imepona," nikamwambia.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akaondoka.

Siku moja baada ya yeye kufika kwao, nilikuwa nimeinamia injini ya mteja mwingine niliposikia harufu ya petroli. Si harufu ya karakana, hiyo nimeizoea. Hii ilikuwa nzito, kama imemwagwa miguuni pangu. Nikainua kichwa. Kijana amesimama karibu na pipa, amenipa ubavu, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi.

"Fundi, ile ya kulia," akasema.

"Ya Mama Awuor? Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye naiendesha."

"Ouko? Umeingia Nairobi lini?"

"Mpira wa mafuta umepasuka chini ya mbao. Ukiminya pampu, petroli inamwagika sakafuni, na betri iko hapo hapo. Mpigie mama simu."

"Si ni mama yako? Mpigie wewe."

"Mimi hanisikii. Mpigie sasa hivi, fundi."

Unajua niliwaza nini? Niliwaza kwamba nikipiga simu hiyo, nitalazimika kueleza nilichofanya kwenye kabureta. Nikamwambia, "Kijana, nina kazi ya watu mkononi. Rudi kesho tuongee."

Akageuka. Naapa, sikuuona uso. Niliona mikono. Ilikuwa imebabuka hadi kwenye viwiko, ngozi imejikunja. Akaitumbukiza yote miwili ndani ya pipa langu, na maji yakalia chwaaa, kama chuma chekundu kinapozimwa. Mvuke ukapanda, nikafumba macho. Nilipofumbua hapakuwa na mtu.

"Mzee, umezima chuma gani?" Musyoka akaniita.

"Umemwona mtu hapa?"

"Nimekuona wewe ukiongea na pipa. Nikasema labda ni uzee." Akacheka, kisha akanusa. "Mbona petroli inanuka hivi?"

Nikagusa maji. Yalikuwa ya moto, na juu yake utando wa mafuta unang'aa rangi rangi. Nikapiga simu.

"Mzee!" Mama Awuor alikuwa na furaha. "Nimesimama ufuoni. Ouko sasa hivi anamaliza kufunga injini. Alitaka kung'oa mbao zake, nikamwambia fundi amesema imepona."

"Mwambie asiwashe. Mama, mwambie atoke kwenye boti."

"Ouko!" nikamsikia akiita. "Ou..."

Sauti ya mlipuko iliyofuata sitaieleza. Laini haikukatika. Nilimsikia mama huyo akilia hadi salio langu likaisha.

Kijana aliruka majini, akapona. Mikono haikupona. Nilisafiri kwenda kumwona, na mbele ya kitanda chake nikamweleza mama yake habari ya kabureta, yote. Alitoka nje akakaa kwenye benchi. Nikabaki na Ouko, na bandeji zake hadi kwenye viwiko.

"Yule wa majiko bado anakucheka?" akaniuliza.

Nikamuuliza habari za Musyoka amezipata kwa nani.

"Nilikuja, fundi," akasema polepole, bila hasira yoyote. "Ukaniambia nirudi kesho."

Lile pipa nimelipindua, na sipokei injini tena. Dada yake Mama Awuor hufunga mlango nikitoka nje. Musyoka hanitanii siku hizi. Na mtu akija kuniomba jambo, hata chumvi tu, neno "kesho" silisemi, nainuka pale pale.

Nawe unayesoma, kama kuna mahali umewaambia watu kitu kimepona na unajua hakijapona, wapigie simu. Usingoje mpaka waje wenyewe kukuambia.