Mwogeshaji wa Mbwa Wenye Mzio

Mama anayeogesha mbwa kwenye kliniki ya mifugo, mkabala na dirisha langu, hupima maji kwa kiwiko kama anayeogesha kichanga, maana ngozi yenye mzio haitaki moto. Akishampaka mbwa shampuu ya dawa, shingoni hadi katikati ya vidole, hukaa kigodani akivuma wimbo usio na maneno, na povu hubaki likipumua juani taratibu. Juzi alikuja mzee mmoja na mbwa wake jike aliyejikuna hadi ubavu umechubuka. Wanawe mzee wamesema mbwa asipopona mwezi huu, achomwe sindano ya mwisho, afe asiteseke. “Shampuu hiyohiyo nimemwogeshea mara sita, mama. Wapi!” “Ukishampaka, unangoja muda gani ndipo umsuuze?” “Ningoje nini? Namsuuza papo hapo.” “Basi babu yangu, ulikuwa unaitibu sakafu.” Mzee akacheka, machozi yakimlenga. “Dawa ni mgeni,” mama akasema. “Mpe dakika kumi akae, ndipo aseme lililomleta.”

Akampaka mbwa shampuu, wakakaa wote wawili, mikono ndani ya povu. Mbwa akainua mguu wa nyuma ajikune, mguu ukasita hewani, akaushusha polepole kama aliyesahau alichotaka. Akalaza kidevu kwenye kiganja cha mzee, akasinzia. “Muda umetimia,” mama akanong’ona, akachota maji kwa jagi. Mzee hakuondoa mkono. “Mwache kidogo, mwanangu. Wiki nzima hajalala.” Mama akaliweka jagi chini, akaendelea kuvuma.