Mungu wa Kichwa cha Tembo katika Maombi ya Akina Mama

Mama hakuwa mpelelezi. Kosa lilikuwa langu, mimi na kalenda ya kanisa.

Nyumbani kwetu mtaa wa Lemon Gaba, Juba, daftari hufunikwa kwa karatasi ya kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita, zoea tulilorudi nalo kutoka Kenya. Mama alikuwa na lake la nyimbo, mimi langu la chuo. Muhula ule mhadhiri wetu, mtu wa hapahapa Juba aliyesomea India, alikuwa ameanza kutufundisha visa vya miungu ya Kihindu na tenzi ndefu za huko, nami nilinasa kama nzi kwenye asali. Ijumaa moja mama akatoka na daftari lisilo lake. Akalifungua mbele ya wenzake wa maombi, wote wakingoja aanzishe wimbo, akakutana na mungu mwenye kichwa cha tembo, kitambi nje, amepakata sahani ya vitamutamu. Nilimchora mwenyewe kwa kalamu za rangi, na bila kujisifu, alikuwa amependeza.

Walikuja nyumbani wote watano, maombi hayajaisha. Mama hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Nilikubatizisha kambini Kakuma nikiwa sina hata kiatu," aliniambia. "Leo unaabudu tembo?"

"Siabudu, mama. Nasoma."

"Kalas, yamekwisha. Daftari linaingia jikoni, na Jumatatu hilo somo unaliacha."

Jiko la makaa lilikuwa pale uani, limeshika moto vizuri. Nikachemka kuliko jiko lenyewe. Niliwaambia wanachoma kitu wasichokijua, maneno ambayo mtoto hawaambii wakubwa, na ningeongeza mengine kama mmoja wao, jirani yetu Mganda, muuza chapati, hangeinua mkono.

"Basi sema," alisema. "Sisi iko hapa. Hii kitabu inasema nini?"

Tembo nilimruka, mimi si mjinga. Niliwasimulia habari za mwana wa mfalme aliyefukuzwa akakae msituni miaka kumi na minne, bila kosa, kwa ahadi tu ambayo baba yake alishaitoa. Alifuatana na mkewe na ndugu mmoja. Ndugu mwingine, aliyepewa ufalme, alikataa kukalia kiti. Alichukua ndara za kaka yake, akaziweka juu ya kiti hicho, akatawala kwa niaba yake hadi atakaporudi.

"Hakukalia kiti?" aliuliza mmoja.

"Hakukalia."

"Na shamba je, hakulichukua?"

Wakacheka, isipokuwa mama mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Kenya akakuta shemeji yake amezungushia mabati kiwanja chake. Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Wangu mimi hata ndara hakuweka," alisema.

Mama alikuwa bado amesimama karibu na jiko, daftari mkononi. Aliuliza bila kunitazama, "Na mama yake? Huyo kijana aliporudi, alimkuta hai?"

Nilikuwa nimesoma mpaka safari ya kwenda msituni na hizo ndara, basi. Kelele zote zile, na sikujua.

"Sijafika huko, mama."

Wote walijua kwamba vita vilipomkimbiza Juba mama alimwacha bibi, mama yake mzazi, mlangoni, kwa kuwa miguu ya bibi ilikuwa imekataa kutembea, na kwamba aliporudi alionyeshwa kaburi. Nilimwonea huruma mama siku ile kuliko siku yoyote, na hasira yangu ikanitia aibu.

Alilikung'uta daftari jivu, akanipa.

"Jumatatu uende ukamuulize mwalimu wako. Halafu uje uniambie."

"Na kama hakumkuta?"

"Uje tu."

Jumatatu nilikaa kiti cha mbele, na kipindi kilipokwisha nikamfuata mhadhiri hadi mlangoni. Kutoka barabarani hadi kwetu nilikwenda mbio, mtu mzima mimi, watu wakinishangaa. Mama alikuwa uani akichambua maharagwe.

"Alimkuta hai, mama," nilisema nikihema. "Mama yake alitoka nje kumpokea."

Mama aliweka ungo chini, akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Asante Yesu," alisema.