Kovu la Masizi

Kinyama kiliniota kwenye paji la uso, karibu na nywele, pale ukingo wa ngata unapokaa msichana anapobeba mtungi. Kila nikitoka kuchota maji nilifika nyumbani na damu kwenye nyusi. Wenzangu wa kijijini kwetu Kichiwa waliniuliza kama naotesha pembe, nami niliwajibu kwamba zikikamilika nitawachoma nazo mmoja mmoja. Baba alipochoka na damu na ugomvi, tulitembea hadi Makambako, tukadandia lori la mizigo, tukaenda Njombe kwa dresa wa hospitali.

Dresa alinichoma sindano ya ganzi, akakikata kile kinyama kwa wembe, akanifunga kitambaa. Alimwambia baba tusipake kitu chochote juu yake, kidonda kikauke chenyewe, kovu litakuwa dogo na baadaye litafanana na ngozi. Nilirudi nyumbani kichwa juu, kama mtu aliyetoka vitani.

Lakini ukungu wa kwetu haukaushi kitu, hata nguo. Kitambaa kiligandamana na kidonda, na nilipokibandua kidonda kikaanza kutoa majimaji. Bibi, mama yake mama, tuliyekuwa tukiishi naye, alinitazama akatikisa kichwa.

"Anamkata mtoto wa watu halafu anamrudisha nyumbani na kitambaa," alisema.

Alikwangua masizi chini ya chungu, akayachanganya na mafuta ya nyonyo, akanipaka. Ukweli usemwe, kidonda kilikauka upesi. Kikafanya kigaga, kigaga kikawasha, na kila nikiinua mkono kujikuna bibi aliupiga kofi. Kilidondoka chenyewe nikiwa namenya viazi. Nilikimbilia beseni la maji nijitazame. Ngozi ilikuwa imefunga vizuri kabisa, ila masizi yalikuwa yamebaki ndani. Badala ya kovu la rangi yangu nilikuwa na mstari mweusi tititi.

Mama alipouona alikaa chini. Kwetu kila mtu alijua maana ya mkato wenye masizi. Hiyo ni chale. Wazee wetu walijichanja hivyo usoni, na kanisa lilikuwa limepiga marufuku. Msichana akikutwa na chale mpya aliondolewa kwenye darasa la kipaimara mpaka atubu, na kutubu kulichukua muda wote ambao wazee wa kanisa waliutaka. Kipaimara changu kilikuwa kimekaribia. Gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa. Nilitaka kupiga magoti altareni na wenzangu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sioni haya kusema hivyo hata leo.

"Vuta kitambaa cha kichwa kishuke," mama aliniambia, "mpaka siku hiyo ipite."

Nilivuta. Kisha nikatumwa Makambako kununua chumvi, na upepo wa Makambako haujawahi kumwachia mtu kitambaa chake. Ulikichukua mlangoni mwa duka. Aliyekiokota na kunirudishia alikuwa mzee wa kanisa aliyetufundisha katekisimu. Alinitazama usoni, akauliza, "Nani amekuchanja?"

"Dresa wa Njombe, baba. Alinitoa kinyama."

"Dresa hapaki masizi, mwanangu. Bibi yako ndiye anayepaka."

Alikuwa amesema kweli. Tangu siku hiyo nilikataa kitambaa. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe na uso wangu wote.

Niliitwa mbele ya wazee wa kanisa Jumamosi. Baba alieleza habari za dresa mpaka sauti ikamkauka. Walimsikiliza kwa adabu, macho yao yakiwa kwenye paji la uso wangu. Mchungaji alikuwa akikohoa kama mtu anayejiandaa kusema jambo zito, ndipo mlango ukafunguliwa. Bibi, ambaye hakuwa amebatizwa na hakuwahi kukanyaga ndani ya kanisa, aliingia amejitanda blanketi lake.

"Kamwene," aliwasalimu. Nao, kwa mazoea, wakaitikia wote.

Hakungoja kukaribishwa. Alipita katikati mpaka mbele, akavua kilemba, akageuza uso huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. Kila upande, kando ya jicho, alikuwa na mistari mitatu, myembamba, iliyolingana. Alisema kwa Kibena, lugha ya sisi sote mle ndani.

"Hizi ndizo chale. Hazikai upande mmoja. Nami nilikuwa mchanjaji, hamjui?" Akamgeukia mwalimu wangu wa katekisimu. "Mama yako nilimchanja mimi. Mistari yake unaikumbuka?"

Mzee yule aliinamisha kichwa. "Naikumbuka, mama."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa imenyooka. Ilikuwa mizuri."

"Haya." Alinishika kidevu akauinua uso wangu kwao. "Sasa tazameni kidonda hiki. Kimepinda. Kimoja tu. Kinene huku, chembamba kule. Mnasema mimi nimemfanyia mjukuu wangu mwenyewe kazi mbovu namna hii? Nilitibu kidonda. Kama ningemchanja, mngemwonea wivu."

Mchungaji ndiye aliyeanza kucheka, akajaribu kukigeuza kicheko chake kiwe kikohozi, akashindwa. Mwalimu wangu alikuja akanitazama kwa karibu, akalipima lile kovu kwa kidole gumba, kisha akawaambia wenzake, "Siyo chale. Mama huyu asingechanja hivi." Mambo yakaishia hapo. Tulitoka nje bibi akiwa mbele, nami nilikuwa na furaha hata miguu haikunitosha.

Siku ya kipaimara nilipiga magoti bila kitambaa. Mchungaji aliniwekea mkono kichwani, kiganja chake kikilifunika kovu lote. Bibi alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na blanketi lake. Mtu alipomuuliza amefuata nini, alijibu amekuja kuangalia kidonda chake.

Wanawake wote aliowachanja wamekwisha kufa, na yeye pia. Ile mistari mizuri iliyonyooka imekwenda nao. Kazi yake iliyobaki juu ya ardhi ni hii moja mbovu, na naitembeza Njombe nzima uso wazi.