Beseni la Vumbi Uani kwa Mama Kitundu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Mke wangu alilipiga pasi mara mbili, maana kijana wa Unyambwa alikuwa amepata kazi ya Msaidizi wa Usalama na Mazingira katika mgodi wa makaa ya mawe kule kusini, na cheo kirefu namna hiyo hakivaliwi fulana. Mkuu wa Idara alinitazama kuanzia kola hadi viatu, akanipa kofia ngumu, buti na kizibao kinachong'aa, kisha akaniamuru nishinde siku nzima kando ya barabara ya malori. Hakunipa hata kalamu. Nilidhani ananionea.

Jioni shati lilikuwa limefanana na kitako cha sufuria. Nililifua hapo hapo, na asubuhi nikaripoti nimelivaa, linang'aa. Mkuu akauliza shati la jana liko wapi. Nikamjibu kwa fahari kwamba ndilo hili. Akashika kichwa.

"Kijana, umefua ripoti," aliniambia. "Nilitaka tuone umekula vumbi kiasi gani."

Wenzangu walinicheka mwezi mzima, lakini kazi nikaijua. Nilijifunza kwamba rundo la makaa likikaa sana hujipasha moto lenyewe mpaka likawaka bila kiberiti, kwa hiyo tulilishindilia na kulimwagia maji. Nilijifunza kwamba maji ya shimoni hayaachiwi kwenda mtoni kabla hayajapimwa, maana yanaweza kuwa na ukali wa kuua samaki. Nilijifunza pia kumwambia dereva mwenye umri wa baba yangu afunge mkanda, tena kwa shikamoo kwanza.

Baada ya miaka mingi nikapata kazi mkoani kwetu, katika mgodi wa dhahabu upande wa Iguguno, sasa nikiwa Afisa Mazingira kamili. Huko baruti zilikuwa na ratiba na king'ora chake, na wanakijiji waliizoea saa ile kiasi kwamba king'ora kikilia walijua ni wakati wa kupika ugali. Ugomvi ulikuwa barabara. Malori ya mawe yalipita katikati ya kijiji na kuacha vumbi jekundu juu ya kila kitu, hata alizeti iliyoanikwa. Dawa yake ilikuwa boza la maji, lililomwagilia barabara ile asubuhi na mchana. Bila boza, watu wa pale wangekuwa wanavuta mchanga.

Kujua kama boza linatosha, tuliweka beseni la vumbi. Ni beseni la kawaida tu, juu ya stendi ya nondo, linaachwa wazi mwezi mzima. Linachodaka hupelekwa maabara kupimwa uzito. Mimi nikachagua ua wa Mama Kitundu, kwa sababu ulikuwa jirani kabisa na barabara na hakufuga mbuzi wa kulipindua. Alikuwa mama mtu mzima, Mnyiramba mpole, na mumewe, Mzee Kitundu, alikuwa na kifua kibovu. Alilipokea beseni langu kwa mikono miwili na kunikaribisha uji.

Mwisho wa mwezi nililikuta safi, na ndani yake mayai manne. Nikashukuru. Mwezi wa pili nikakuta karanga, wa tatu mayai tena. Kila mara nililipeleka beseni maabara, nayo ikaandika kwamba vumbi halipo kabisa, nami nikatia sahihi. Meneja wa Mgodi alifurahi akaniandikia barua ya pongezi. Leo naona aibu kusema hivi, lakini niliiamini karatasi ile, mimi niliyekuwa nikiendesha gari katika barabara hiyo mchana huku nimewasha taa.

Meneja akakata shauri. Kama kijiji ni safi hivi, boza litahamishiwa shimoni kuanzia Jumatatu. Nilitumwa kuwaeleza wanakijiji, nikasimama mbele yao na karatasi yangu na tarakimu zake. Mama Kitundu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka.

"Baba, karatasi yako haikohoi," alisema. "Mzee wangu analala ameketi."

Nilirudi nimefadhaika. Beseni la mwezi wa nne lilitakiwa kuchukuliwa Ijumaa, lakini Ijumaa ilikuwa na kikao cha usalama, basi nikaenda Alhamisi. Nilimkuta Mama Kitundu amechuchumaa, beseni langu mapajani, analisugua kwa dodoki na majivu. Maji yaliyokuwa yakimwagika miguuni pake yalikuwa mekundu.

Nikasahau hata shikamoo.

"Mama, unafanya nini?"

"Umewahi, baba. Nilitaka ukija kesho ulikute safi, kama siku zote." Akanyoosha mkono kuonyesha mayai pembeni. "Na haya nilikuwa sijaweka."

Nikaketi chini. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kichafu wala kitupu, hilo nalijua tangu utoto, na halikunijia kichwani hata siku moja. Nilimweleza kwamba uchafu ule ndio ushahidi wake, na kwamba amekuwa akilifutilia mbali boza lake mwenyewe kwa dodoki. Kisha akasema ameelewa, ila hawezi. Wanawake wenzake wa kanisani hukutana uani kwake, nao wakiona beseni limejaa udongo mwezi mzima watasema mke wa Kitundu ameshindwa hata kuosha chombo.

Tulibishana mpaka uji ukapoa. Mwishowe alikubali kwa sharti moja, nami nikampelekea fundi wa vibao vya usalama. Akaandika kwa rangi ya njano na nyeusi, ile ile ya kuonya watu kuhusu baruti: UCHAFU HUU SI WA MAMA KITUNDU. NI WA MGODI.

Ikabaki kazi ngumu zaidi, kumweleza Meneja kwamba ripoti tatu zenye sahihi yangu zilikuwa zimeoshwa. Niliingia ofisini kwake nikiwa na hakika kwamba natoka bila kazi. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Kwa hiyo barua ya pongezi ilikuwa ya dodoki," alisema.

Nilikiri. Nikamwomba aliache boza kijijini mwezi mmoja tu, kisha aje aone mwenyewe. Alikubali kwa shingo upande, na mwezi ulipoisha akaja. Alisoma kibao mara mbili. Akatazama ndani ya beseni, ambalo sasa lilikuwa na udongo wa kutosha kusiriba ukuta, na hapo boza lilikuwa linapita kila siku. Akauliza kama kibao kile kinaweza kuondolewa, maana wageni wa makao makuu wangekipiga picha.

"Kitaondoka na vumbi lake, baba," Mama Kitundu alimjibu, akamkaribisha uji.

Jumatatu iliyofuata yalikuja maboza mawili.

Nilifanya kazi pale mpaka nikastaafu. Vijana wa siku hizi wana mashine inayopima vumbi yenyewe na kutuma namba kwenye simu, na nawaombea heri. Ninachowaambia ni wakiona namba nzuri kupita kiasi, wakaketi kwanza uani kwa mtu wanywe uji.

Siku ya kuniaga, mgodi ulinipa cheti chenye fremu. Mama Kitundu alikuja mwisho, amebeba beseni kuukuu limefungwa kitenge. Nililifungua mbele ya watu. Chini kulikuwa na vumbi jekundu, jembamba, kidogo tu.

"Sijaliosha," alisema, "na sijakurudishia tupu."

Liko sebuleni kwangu Unyambwa, juu ya kabati. Mke wangu amekatazwa kuligusa.