Mayai ya Chekeamwezi Uwanjani

Enzi zetu, sisi tuliokulia Mji wa Kale, Mombasa, ndege tuliyemjua sana alikuwa kunguru, maana ndiye aliyetunyang'anya mahamri mkononi. Mwengine tulimsikia tu. Mwezi ukichomoza, alianza kupiga mbinja upande wa maji, polepole, kisha haraka haraka, halafu sauti ikafifia. Mamangu alitufunika shuka: "Laleni. Huyo ni chekeamwezi, hana shughuli na nyinyi."

Dada yangu Zuhura hakuridhika. Mchana hulala wapi? Hula nini? Alimchosha mama kwa maswali hata akafukuzwa jikoni.

Jibu tulilipata mtaa wa Tudor, kwa shangazi, tulipokwenda likizo. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kiwanja cha mchanga kilichoteremka hadi kwenye mikoko, na watoto wa mtaa wa Majengo walikuja hapo kucheza mpira na binamu zetu. Siku moja mpira ulitoka nje, Zuhura akaufuata, akasimama ghafla.

"Msije! Mtakanyaga!"

Tulikimbilia pale, tusione kitu. Kisha kile tulichodhani jiwe kikafumbua jicho kubwa la manjano. Alikuwa ndege, mwenye rangi ya mchanga na majani makavu, miguu yake mirefu ameikunja. Tuliposogea aliinuka, akatandaza mabawa, akatukabili sote. Chini palikuwa na mayai mawili yenye madoa, juu ya mchanga mtupu.

Kassim, nahodha wa Majengo, alisema, "Kesho twacheza fainali hapa. Yaondolewe."

Zuhura alijifunga leso kiunoni. "Hayaondolewi. Sogezeni goli."

Walibishana mpaka shangazi akachungulia dirishani. Goli likasogezwa. Kiwanja kilipinda vibaya, na mpira ukielekea upande ule, aliyeruhusiwa kuuokota ni Zuhura peke yake. Kesho yake Majengo walitufunga vilevile.

Tangu hapo tulisahau mpira. Tulichutama mbali kidogo tukitazama. Mmoja alilalia mayai, mwenzake akasimama karibu kivulini, kimya, kama amesahauliwa pale. Jua likizama walizinduka, mmoja akashuka topeni kusaka kaa na wadudu huku mwengine akilinda. Kumbe usiku ndio mchana wao!

Asubuhi moja tulikuta maganda, na makinda mawili tayari yanatembea, yakiwafuata wazazi wao kuelekea kwenye mikoko. Yakapotelea humo. Kassim ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya unyonge, "Watarudi?"

Leo pale pana ukuta mrefu na magorofa. Juzi nilimsimulia mwanangu habari hii. Akabonyeza simu, mbinja ya chekeamwezi ikajaa sebuleni. "Si huyu, mama?" akaniuliza, na kabla sijajibu ameshahamia kwenye video ya paka. Simlaumu. Anajua jina la ndege huyo kwa lugha tatu. Sisi hatukuwa na pa kubonyeza. Ilibidi tutoke, tuchutame mchangani, tungoje.