Mchikichi wa Kibagabaga

Mwezi uliopita nilipita Kigali na mzigo, nikapata nusu siku ya kusubiri karatasi, nikaenda Kimihurura kutembea tu. Katikati ya barabara nikaona wanaume wawili wamevaa fulana za njano, wanamwagilia ile miti ya mapambo, jamaa ya mchikichi, mirefu, yenye shina laini, isiyotoa hata tone la mafuta. Gari zima la maji kwa ajili yake. Nikasimama pale. Hasira niliyodhani nimeiacha njiani miaka mingi, mahali fulani kati ya Rusumo na Morogoro, kumbe ilikuwa imenitangulia kufika.

Ngoja nikuambie ilikotoka.

Tulihamia Kigali kutoka Rumonge, Burundi, kando ya ziwa, wakati watu wetu walipoanza kurudi Rwanda. Mama yangu alikuwa ameshafariki, baba alikuwa dereva, kwa hiyo tulisafiri juu ya lori lake: magodoro, sufuria, mimi, na bibi yangu, aliyekataa kukaa mbele. Alikaa nyuma kwa sababu ya miche yake. Ilikuwa mitatu, miche ya michikichi, kila mmoja ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga. Shingoni alikuwa amening'iniza kibuyu kitupu.

Tulipoanza kupanda milima ya Bugarama baridi ikatupiga usoni. Mimi mtoto wa ziwani sikuwahi kujua kwamba hewa inaweza kuuma. Bibi akafungua kitenge chake, nikasogea anifunike. Akafunika makopo.

"Wewe una damu," akaniambia. "Hii haina."

Mpakani askari aliangalia makopo akauliza, "Mukecuru, hii iko nini?" Ndivyo wanavyomwita bibi kizee huku.

"Ni watoto wangu."

"Na huyu?" akaninyooshea mimi kidole.

"Huyo ni mzigo."

Askari alicheka mpaka akasahau kufungua magodoro yetu. Tulifika Kigali usiku umeingia, vumbi limetugeuza rangi moja sisi na miche, na kesho yake mchana baba akageuza lori akarudi barabarani. Ndivyo alivyokuwa.

Tulifikia kwa baba mdogo. Yeye alitutangulia kurudi, akapata kazi ya ofisini, akajenga Kibagabaga, pembeni mwa Kigali, wakati Kibagabaga bado ni mtama na maharage na nyumba mojamoja. Bibi hakuingia ndani kuangalia nyumba. Alizunguka kiwanja akitafuta mahali jua linapokaa muda mrefu, akachimba.

Sikiliza alichokuwa anakitaka, maana watu walimcheka bila kukielewa. Bibi alitoka Rwanda akiwa mke kijana, anakimbia, na kitu pekee alichobeba kichwani ni kile kibuyu, kitupu. Rumonge wanawake wa pale wakamfundisha mawese: kuchemsha chikichi, kuzitwanga, kuzikanyaga kwa miguu mpaka maji yageuke rangi ya machweo, kuengua mafuta juu. Alilea watoto wake kwa mafuta hayo. Na katika miaka yote hiyo alikuwa na neno moja: "Nilitoka kwetu na kibuyu kitupu. Nitakijaza kwetu." Si mafuta ya kununua sokoni. Mafuta ya mti wake, kwenye udongo wake. Basi. Hakutaka kingine duniani.

Kigali ni juu, na mchikichi ni mti wa joto. Miche miwili ilikufa kiangazi cha kwanza. Wa tatu ukabaki, na bibi akaamua kuudanganya. Alitoa mafiga yake matatu jikoni akayaweka hatua chache kutoka kwenye mti, akawa anapikia pale nje, asubuhi na jioni, ili mti upate joto na usijue kwamba umehama. Mpaka leo nikisikia harufu ya maharage yanayochemka na moshi wa mikaratusi, nauona ule mti. Baridi ya Julai aliuvika magunia. Maji ya kuoshea mchele yalikuwa yake. Mimi nilipanda mlima na kijerikani kutoka bondeni, na nusu ya kijerikani ilikuwa yake. Wakati mwingine niliuchukia, sitakudanganya.

Shuleni mwalimu wa kilimo alituambia kwamba mchikichi hauwezi kuzaa kwenye mwinuko kama wetu. Nikapeleka habari nyumbani kwa furaha, nikidhani nimeokoka na kijerikani. Bibi hakugeuza hata kichwa.

"Mwambie mwalimu wako mti haujasoma."

Jirani yetu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu, ambaye babu zake walikuja na wafanyabiashara wa pwani. Kila asubuhi akifungua mlango alichungulia juu ya ua.

"Bibi! Mutoto wako amefika darasa la ngapi?"

"Amekushinda wewe, fundi."

"Siku akizaa, mimi namushonea suti. Wallahi. Suti ya vipande vitatu."

"Nunua kitambaa mapema, bei inapanda."

Walitaniana hivyo miaka yote, na bibi alipenda. Usifikiri alikuwa mtu wa huzuni. Aliamka kabla ya kengele ya misa, akagombana na mawingu, akaukaripia mti, akacheka peke yake.

Kulikuwa na desturi aliyotoka nayo Rumonge. Mti ukichelewa kuzaa, kabla mvua hazijaanza unauendea na panga. Unaugonga shina kwa ubapa, unautukana: wewe mvivu, unakula bure, mwaka huu nakukata. Lazima awepo mtu mwingine, akushike mkono akuombe: "Uache, mama. Utazaa." Unautisha tena, anaomba tena, kisha unashusha panga. Mti umesikia, unaogopa, tena unajua kuna anayeuamini. Kila Septemba bibi alishika panga, na mimi nikaushikilia mkono wake. Mwanzoni niliomba kwa kucheka. Baadaye sikucheka.

"Baba yako mdogo ndiye aliyekuwa anaomba vizuri kuliko wote," aliniambia. "Akiwa mdogo kama wewe. Alikuwa analia kweli."

Huyo huyo. Kumbuka hilo.

Kibagabaga ikabadilika. Mtama ukaondoka, magari yakaja, na baba mdogo akaanza kupata wageni wanaovua miwani ya jua kabla ya kusalimia. Aliona aibu, moshi uani, mama yake amechuchumaa mbele ya mti. Akanunua jiko la gesi. Akanunua makochi, akayaacha na nailoni zake. "Mama, pumzika," alikuwa akisema. "Umeteseka sana. Sasa wewe kaa tu." Nimezunguka nchi nyingi tangu wakati huo, na nimelisikia neno hilo likisemwa kwa wazee kwa sauti ileile tamu. Siku hizi linanichefua. Ndivyo mtu anavyozikwa kidogo kidogo, huku waombolezaji wakimletea chai.

Nilikuwa nakaribia kumaliza sekondari. Jumamosi moja bibi alikwenda harusini, amevaa mshanana wake mweupe, lile vazi la sherehe la Kinyarwanda linalofungwa begani. Mimi nilikuwa shuleni. Niliporudi nilikuta vibarua wawili wanakunywa soda, na mti umelala uani. Baba mdogo alitaka kujenga vyumba vya kupangisha, na kwenye kiwanja chote hicho, pembe iliyomfaa ilikuwa ile.

Nilikwenda kwenye kilele, kwenye makutano ya majani. Sijui kwa nini; labda kuuaga. Katikati ya miiba, umefichama, kulikuwa na mkungu. Mdogo, kama ngumi mbili, chikichi zake bado nyeusi na kijani. Wa kwanza.

Nilipiga kelele. Fundi akaja, akauona. Alirudi kwake akatoka na kipande cha kitambaa cha suti, kipya, cha kijivu, akauviringisha ule mkungu kama mtoto mchanga, akanipa niushike. Bibi alipoingia na mshanana wake, ndivyo alivyonikuta.

Alifunua kitambaa, akatazama, akafunika. Kisha akamgeukia mwanawe.

Baba mdogo alisema, na hakuwa anatania: "Lakini mama, si wewe mwenyewe? Kila mwaka nakusikia ukisema ukatwe."

"Na nani aliuombea?" bibi akauliza.

Baba mdogo akageuka, akaenda kuwalipa vibarua.

Tangu siku ile akapumzika. Hongera baba mdogo. Alikaa kwenye kochi, nailoni ikilia kila akigeuka. Hakuamka tena na kengele. Mawingu yalipita bila mtu wa kugombana nayo. Watu walisema uzee umemfikia, uongo. Uzee ulikuwa naye siku nyingi, alikuwa anaubeba pamoja na maji. Walimpa kila kitu isipokuwa sababu ya kuamka. Hata kama mti ule usingezaa hadi kufa kwake, ulikuwa unamzaa yeye kila asubuhi. Hilo halikuhitaji mwalimu wa kilimo.

Leo pale mafiga yalipokuwa kuna sakafu ya vigae. Fundi amehama, ua umekuwa ukuta. Kibuyu, nasikia, kimepakwa vanishi, kimetundikwa sebuleni, na wageni wanakisifu. Bado kitupu.

Mimi nilitaka barabara. Tangu Bugarama, tangu ile baridi, nilitaka kujua hewa inavyouma kwingine. Baba mdogo alikuwa amenitafutia kazi ya karani Kimihurura, na shati alishaninunulia. Asubuhi niliyoondoka kabisa, lori la rafiki wa baba lilikuwa linanguruma nje, na mimi niko mlangoni na mfuko wangu. Baba mdogo alisimama mbele yangu, mkono juu.

"Ukipanda hilo lori usirudi kwangu. Mti usiozaa unajua tunaufanya nini."

Nyuma yetu nailoni ililia. Bibi alikuwa amesimama, peku, mara ya kwanza bila kuinuliwa. Alikuja taratibu, akaushika ule mkono wa mwanawe uliokuwa juu, kwa mikono yake miwili, kama unavyomshika mtu mwenye panga.

"Uache, baba," akasema. "Utazaa."

Baba mdogo alimtazama mama yake. Kisha akashusha mkono, nami nikapita.